Mali, Mauti na Maneno ya Watu Ukingani

Kati ya sensa ya mwaka 2002 na ile ya mwaka 2012, Tanzania Bara iliongezeka watu takribani milioni kumi. Makete ikapungua. Wilaya iliyokuwa na watu zaidi ya 105,000 ilihesabiwa upya na kukutwa na watu 97,266. Baadhi walikuwa wamehamia mijini kutafuta maisha. Wengine walikuwa makaburini, na wengi wao walizikwa wakiwa na umri wa kulea watoto.

Miaka hiyohiyo Wakinga, wenyeji wa Makete, walikuwa wakitajwa nchi nzima kwa habari nyingine kabisa: fedha. Ukifika Makambako, Njombe, Mbeya au Kariakoo ukauliza duka kubwa la jumla ni la nani, au ghala la mbao, au gorofa jipya la biashara, mara nyingi utaambiwa ni la Mkinga. Watu waliotoka kwenye milima yenye baridi na barabara mbovu walikuwa wameshika biashara katika miji ambayo babu zao waliingia kwa miguu wakitafuta vibarua.

Mbona watu hawa wanakufa hivi? Mbona watu hawa wana mali hivi? Kwa miaka mingi maswali hayo mawili yalipewa jibu moja. Aliyekufa karogwa, aliyetajirika karoga.

Iwawa, makao makuu ya wilaya, ni mji mdogo wa nyanda za juu ambako Juni na Julai sakitu huunguza majani ya viazi. Upande mmoja kuna uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, unaojulikana kwa maua yake. Upande mwingine safu ya milima ya Livingstone inaporomoka kuelekea Ziwa Nyasa. Makete ilimegwa kutoka Njombe mwaka 1979 ikawa wilaya, na Njombe yenyewe ikatoka Iringa na kuwa mkoa mwaka 2012. Kabla ya lami, kutoka Iwawa kwenda Njombe wakati wa masika kulikuwa kubahatisha: lori likinasa kwenye tope, abiria walishuka wakasukuma, na likigoma walilala hapohapo. Jiografia hiyo ina nafasi yake katika habari hii. Mahali ambapo habari inafika kwa kuchelewa na mtu anarudi baada ya miaka, watu huona matokeo tu. Njia iliyoyaleta hawaioni.

Njombe ilikwisha kuonja zamani jambo hili la kuona matokeo na kuiacha njia iliyoyaleta. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu walianza kung'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Nguvu yao ilitoka Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusafiri. Septemba yalikuwa yamefika Ubena, na wapiganaji wa mtawala wa huko, Mtwa Mbeyela, wakaishambulia misheni ya wamisionari wa Berlin ya Yakobi, karibu na mahali ulipo mji wa Njombe leo. Risasi hazikugeuka. Baada ya mapigano likaja jeshi la kuchoma maghala na mashamba, na njaa iliua wengi kuliko bunduki. Wajerumani walikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Gavana von Götzen alieleza vita hivyo kuwa kazi ya waganga waliowadanganya watu wajinga. Ni kweli kwamba maji hayakuzuia risasi. Lakini kodi ya kichwa ilikuwepo, shamba la pamba la lazima lilikuwepo, akida mwenye kiboko alikuwepo. Serikali iliyokwisha kusema "ushirikina" haikuwa na haja tena ya kusema "pamba". Kosa hilo, la kutaja imani potofu ya watu na kuishia hapo, lilirudiwa katika milima hiyo karibu miaka 90 baadaye, safari hii mbele ya ugonjwa.

Kwanza, mali.

Utajiri wa Ukinga haukuanza Kariakoo. Kabla ya ukoloni Wakinga walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe, wakashuka nayo mlimani hadi Unyakyusa, ambako kulikuwa na ng'ombe na ndizi lakini hakuna chuma cha kutosha. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuandika vitabu vingi juu yao, alieleza jinsi walivyosimulia kwamba watawala wao wa kale walitoka milima ya Ukinga, wakiwaletea moto, chuma na ng'ombe. Makuhani wa Kikinga waliendelea kushuka kwa ajili ya matambiko katika kichaka kitakatifu cha Lubaga. Kwa hiyo tangu zamani jirani wa bondeni alimtazama mtu wa mlimani kama mtu mwenye siri. Mfua chuma alichukua jiwe akatoa jembe, na kazi hiyo ilifanyika kwa miiko ambayo mnunuzi hakuijua.

Wamisionari wa Berlin walifika Bulongwa mwaka 1895. Ukoloni ukaleta majembe ya kiwandani, ya bei nafuu, na mafundi wakakosa wateja. Kodi ikabaki. Tangu hapo Mkinga wa kiume akawa msafiri. Dhahabu ilipogunduliwa Lupa, upande wa Chunya, katika miaka ya 1920, vijana wa milimani walikwenda kuchimba. Wengine walikwenda kuchuma chai Mufindi, wengine mashamba ya mkonge. Mwaka 1949 Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilianzishwa Njombe, na kazi za msitu zikawafundisha wengi namna ya kuishi kwa miti. Mtu alikwenda msimu mmoja, akarudi na mablanketi na fedha ya mahari, akaenda tena.

Halafu reli. Kati ya mwaka 1970 na 1975 TAZARA ilijengwa na Wachina na Watanzania, ikapita Makambako, mahali ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na njia ya kwenda Njombe na Songea. Mji ulioota pale ulikuwa wa watu wa kuja. Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, serikali ikiacha kumkaba mtu aliyeingiza bidhaa kwa fedha zake, wale waliokuwa wakiuza mitumba na chumvi kwenye vibanda walipanua maduka haraka. Wakinga walikuwa wamejiandaa kuliko wengi.

Maandalizi hayo yanaonekana kwa mtu anayekaa dukani na kutazama. Mfanyabiashara anarudi kijijini kwao, tuseme Tandala au Bulongwa, anamchukua kijana wa ndugu yake aliyemaliza darasa la saba. Kijana anafika mjini, analala stoo juu ya marobota, anaamka alfajiri kufagia na kupanga mali. Hapewi mshahara wa kila mwezi. Anakula nyumbani kwa mjomba, anavaa anachopewa. Anajifunza bei za Dar es Salaam, anajifunza nani akikopa analipa na nani halipi, anajifunza kuhesabu mzigo bila kuandika. Baada ya miaka kadhaa, akionekana mwaminifu, anapewa mtaji: mzigo wa kuanzia, au kodi ya fremu ya miezi sita, na jina la mjomba kwa wauzaji wa jumla. Naye atakuja kumchukua mwingine. Wanaoachana na bosi kwa ugomvi hupoteza kila kitu, jambo ambalo ni ukali wa kweli wa mfumo huu, na si busara kuusifu bila kulitaja.

Mizizi yake iko mbali zaidi. Mwanaanthropolojia George Park, aliyefanya utafiti Ukinga mwanzoni mwa uhuru, aliandika jinsi wavulana walivyokuwa wakilala pamoja katika nyumba zao wenyewe, mbali na wazazi, wakijitegemea tangu wadogo na kuoa wakiwa wamekomaa. Kijana aliyekulia hivyo hakushtuka kulala stoo.

Jirani hakuyaona hayo. Aliona kijana aliyeondoka na kaptura akirudi baada ya miaka kumi na gari. Katikati hapakuwa na kitu kinachoonekana, na penye pengo maneno yakaingia: huyo amekwenda kwa mganga, amechukua ndagu. Ndagu, kama inavyosimuliwa kuanzia Mbeya hadi Rukwa na Usukumani, ni utajiri wa masharti. Mwenye nayo hutakiwa kumtoa mtu wa damu yake, mama, mtoto au mdogo wake. Anayesimulia husema hata jina la aliyetolewa, kwa kuwa katika kila ukoo yupo mtu aliyekufa ghafla.

Na hapo ndipo habari ya mali ilipokutana na habari ya mauti.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Ugonjwa ulifuata barabara kuu, mizani, stesheni na migodi, na Makete, ingawa haikuwa na barabara kuu yake, ilikuwa na watu wake kwenye kila barabara kuu. Wafanyabiashara, madereva, wapasuaji mbao na vibarua waliugulia mjini na kurudishwa nyumbani. Kijiji kilipokea mtu aliyekonda, anayeharisha, mwenye mkanda wa jeshi ubavuni na vidonda mdomoni. Akifa, baada ya miezi mkewe anaanza kukohoa. Halafu mtoto mchanga. Vifo vitatu vya nyumba moja katika miaka miwili, na kila mmoja na dalili zake: huyu kifua, yule tumbo, yule ngozi. Hakuna ugonjwa uliojulikana pale wenye tabia hiyo. Malaria ina dalili zake, surua ina dalili zake. Kitu kinachoua nyumba nzima kwa kupanga foleni, kwa sura tofauti, kilifanana na jambo moja tu katika maarifa ya wazee, nalo ni uchawi wa mtu mwenye kinyongo.

Tena waliokufa mwanzo walikuwa wengi wao wenye uwezo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04, wa kwanza kupima damu za watu majumbani Tanzania Bara nzima, ulionyesha kwamba maambukizi yalikuwa makubwa katika kaya zenye mali kuliko katika kaya maskini. Sababu yake ni nyepesi kueleza: mwenye fedha husafiri, hulala gesti, huweza kuwa na nyumba ndogo. Lakini mtu aliyekaa kijijini akitazama familia ya tajiri ikizika vijana watatu alihitaji moyo mgumu sana kukataa maneno ya ndagu. Ushahidi wote aliouona kwa macho ulikubaliana na uvumi. Hili ndilo linalosahauliwa na watu wanaozungumzia imani potofu kwa kejeli. Waliozishika hawakuwa watu waliokataa kutazama, na walichokosa ni kuona njia iliyopita kati ya chanzo na matokeo.

Imani hiyo ililipiwa gharama kubwa. Mjane alinyang'anywa shamba kwa madai kwamba ndiye aliyeua. Bibi mzee mwenye macho mekundu ya moshi alitajwa kwa mganga. Wakati huohuo mjane mwingine alirithiwa na shemeji yake kama desturi ilivyotaka, kwa kuwa kama mume alirogwa basi mke hana tatizo lolote, na shemeji akaambukizwa, na mke wa shemeji naye. Sheria ya uchawi, iliyoachwa na Waingereza tangu miaka ya 1920, inamwadhibu anayeroga na vilevile anayemsingizia mwenzake uchawi. Ni mara chache sana mjane alipata nauli ya kuifikisha kesi yake mahakamani Njombe.

Zilipokuja kondomu, ulikuja uvumi mpya. Ulizagaa sehemu nyingi za nchi, si Makete peke yake: chukua kondomu, itie maji ya vuguvugu, iache juani, utaona vijidudu vinaelea. Watu walifanya jaribio hilo kwa mikono yao. Walichokiona ni mafuta ya kulainishia yanayojitenga na maji kwa vipande vidogo na kucheza kwenye mwanga. Kwa mtu aliyefundishwa shuleni kwamba mdudu wa ugonjwa ni kitu kidogo kinachoogelea, glasi ile ilikuwa ushahidi tosha. Bango la kusema "acheni imani potofu" halikuweza kushindana nayo. Muuguzi aliyekaa na watu, akaeleza mafuta yale ni nini na kwamba kirusi hakionekani kwa macho hata kidogo, alifanya kazi kubwa kuliko mabango kumi.

Watafiti nao walikuwa na kipimo chao. Katika uchunguzi wa kitaifa wa UKIMWI mtu huulizwa kama virusi vinaenezwa na mbu, kama vinaenezwa kwa uchawi, na kama mtu anayeonekana na afya njema anaweza kuwa navyo. Anayekataa dhana zile potofu na kujua njia za kujikinga huhesabiwa kuwa na uelewa kamili. Mwaka 2011–12, takribani miaka 30 tangu Kagera, kati ya vijana wa miaka 15 hadi 24 nchini waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 40 ya wanawake na asilimia 47 ya wanaume. Swali la mbu halina ujinga ndani yake. Mtu aliyeambiwa kwamba UKIMWI uko kwenye damu, na mbu hunyonya damu, ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba mbu humeng'enya damu aliyoinyonya pamoja na virusi vilivyomo, na anapouma mtu mwingine humwachia mate tu. Sentensi hiyo moja ilihitajika sana katika vijiji, na mara nyingi watu waliletewa amri badala yake.

Lakini imani potofu kubwa kuliko zote katika habari hii haikuwa ya wanakijiji. Ilikuwa ya watu wa nje, na baadhi yao walikuwa wasomi.

Takwimu zilipoanza kutolewa kwa mikoa, Iringa ya wakati huo, iliyokuwa na Njombe na Makete ndani yake, ilionekana kileleni pamoja na Mbeya. Mwaka 2003–04 zote mbili zilikaribia asilimia 13.5. Mwaka 2007–08 Iringa ilifika asilimia 15.7. Njombe ilipokuwa mkoa ikaanza na asilimia 14.8, karibu mara tatu ya wastani wa nchi. Maelezo ya haraka yakapatikana: watu wa huko wana tabia mbaya. Ikasemwa ni baridi, inawafanya watu watafutane. Ikasemwa ni ulanzi, ule utomvu mtamu wa mianzi unaochacha kwa siku moja na kujaza vilabu wakati wa msimu wake. Wanawake wa Makete waliokwenda kufanya kazi za ndani mijini walirushiwa maneno kwa sababu ya kwao tu.

Baridi haina kirusi. Arusha na Kilimanjaro zina baridi, tena zina mbege, na maambukizi yake yalikuwa chini sana. Tofauti moja ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu na ilichukua miaka kupewa uzito: kwa asili Wakinga, Wabena na Wahehe hawakuwa na jando, ilhali makabila mengi ya kaskazini na pwani yanatahiri. Majaribio matatu makubwa, ya Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yaliyotoa majibu kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Ukiongeza uhamaji wa wanaume kwa vizazi vitatu, mashamba makubwa na misitu iliyokusanya vibarua mbali na wake zao, na barabara kuu ya Zambia, takwimu za Njombe zinaeleweka bila kumtukana mtu.

Serikali ilipopeleka huduma ya tohara Iringa, mwaka 2010, katika wiki sita tu walijitokeza wavulana na wanaume zaidi ya 10,000. Watu walioambiwa kwa miaka mingi kwamba wamefungwa na mila walipanga foleni mara walipoelezwa faida kwa lugha inayoeleweka. Bila shaka hapo napo palizuka dhana mpya, kwamba aliyetahiriwa hapati tena virusi, na wahudumu walilazimika kurudia kila siku kwamba kupunguza si kuzuia.

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa kikombe. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, mtu wa jina la Kinyakyusa aliyekuwa akiishi Samunge, Loliondo, alikuwa akigawa dawa ya mizizi kwa Sh 500 kwa kikombe, akisema Mungu amemwonyesha. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Watu walitoka kila mkoa, mawaziri na wabunge wakiwemo, na vikombe vingine vikaibuka Mbeya na Tabora. Ilisikitisha kuona waliokuwa wakiishi vizuri kwa dawa za kufubaza virusi wakiziacha, wengine wakiwa wamemaliza akiba ya mwaka kwa nauli. Kikombe kiliwavuta wenye digrii na wasio nazo bila kubagua. Ahadi yake ilikuwa kumeza mara moja na kupona, ilhali hospitali iliahidi kumeza kila siku hadi kufa. Mwasapila alifariki Julai 2021.

Kilichobadili mawazo ya Makete hakikuwa hotuba. Oktoba 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Huduma ikasogea hadi hospitali za misheni ambazo wananchi walikwisha kuziamini: Bulongwa ya Walutheri, na Ikonda ya Wakonsolata. Kule Tandala Walutheri walikuwa na kituo cha kuwahudumia yatima, na shirika la wenyeji la SUMASESU lilianzishwa hukohuko. Na wale waliokuwa wamebebwa kwa machela walianza kusimama. Mtu aliyepewa dawa akiwa na kilo 38 alionekana baada ya miezi akichimba viazi. Jirani aliyekwisha kumtaja mchawi alibaki bila la kusema, kwa kuwa kidonge cha hospitali hakitengui uchawi. Kwa mara ya kwanza njia yenyewe ilionekana: mtu, kipimo, kidonge, uzima, kwa mpangilio ambao kila mwenye macho aliweza kuufuata. Vikundi vya watu wanaoishi na virusi vikaanza kuzungumza makanisani na kwenye mikutano ya vijiji, kwa majina yao, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingemfukuzisha mtu kwao.

Kwa upande wa mali, njia hiyo haijaonyeshwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2018 na Januari 2019 watoto waliibwa na kuuawa mkoani Njombe, miili ikikutwa imekatwa viungo. Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, Faustine Ndugulile, aliwaambia waandishi wa habari kwamba watoto kumi walikuwa wamekutwa wameuawa. Wazazi walianza kuwasindikiza watoto shuleni, na waganga wa kienyeji walikamatwa. Viongozi walisema waziwazi kwamba mauaji yanahusishwa na ushirikina wa kutafuta utajiri. Nchi ilikwisha kuyaona mengine kama hayo: watu kuchunwa ngozi upande wa Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mauaji ya watu wenye ualbino kuanzia mwaka 2006, hadi serikali ikafuta vibali vya waganga mwaka 2009.

Hapa imani ya ndagu inaacha kuwa maneno ya kilabuni. Anayeamini kwamba Mkinga alitajirika kwa kutoa mtu hawezi kujifunza chochote kutoka kwa Mkinga huyo isipokuwa kutoa mtu. Stoo, marobota, miaka kadhaa bila mshahara, mjomba anayekuchunguza, mtaji unaorudishwa kidogokidogo: yote hayo hufutwa na neno moja. Kijana mwenye haraka anabaki na njia moja tu kichwani, na mganga tapeli anaijua vizuri sana njia hiyo. Shuleni Njombe watoto hufundishwa historia ya Wareno Kilwa na biashara ya watumwa, kama inavyopasa. Historia ya chuma cha Ukinga, ya vibarua wa Lupa na ya maduka ya Makambako ingefaa kufundishwa pia, pamoja na tarehe zake na hesabu zake, na wafanyabiashara wenyewe wakiwa hai kuieleza.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulikuta maambukizi ya Njombe yameshuka hadi asilimia 11.4. Ule wa mwaka 2022–23 ulikuta asilimia 12.7, na mara moja mitaani ikasemwa ugonjwa umerudi. Asilimia hiyo huhesabu wote wanaoishi na virusi, wa zamani na wapya. Dawa zikiwafikisha watu uzeeni, hesabu inaweza kubaki juu au hata kupanda ilhali wanaoambukizwa upya wanapungua, kwa kuwa wale ambao zamani wangekuwa wamezikwa sasa wapo wa kuhesabiwa. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba kwa nchi nzima asilimia 82.7 ya watu wazima wanaoishi na virusi walijua hali yao, na kati ya waliojua karibu wote walikuwa kwenye dawa. Waliobaki, zaidi ya 17 katika kila 100, walikuwa hawajui. Makete yenyewe, katika sensa ya mwaka 2022, ilivuka tena watu 100,000.